Minyoo wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ushine, 2 Juni 2019

Mwanangu Sawako,

Meli ya utafiti itaingia ghuba yetu tarehe 18 Novemba na kushusha roboti hadi chini kutafuta minyoo wa mirija, na anayeongoza kazi hiyo ni Daktari Migita Sawako. Haya ameyasema jana Mzee Hamazaki, mwenyekiti wa zamani wa ushirika wa wavuvi, mbele ya watu kumi na tisa. Nimefanya kazi gazetini miaka thelathini na minane, na habari ya nyumba yangu mwenyewe nimeipata kwa jirani.

Hamazaki akanigeukia: "Tadayuki, kumbe hukujua? Mwandishi gani wewe?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilichelewa kidogo.

Huku tuko salama. Mlima umetema majivu mara tatu wiki hii, na upepo umeyaleta yote kwetu. Mama yako anaanika nguo ndani. Lokwati zimezaa vizuri. Tulizifunga karatasi mapema, kwa hiyo majivu hayakuzipata. Mama Mdogo wako Itsue goti linamsumbua kwenye ngazi tu, penye tambarare anatembea kunishinda. Jana nilipita mbele ya kibanda cha baba yako. Vikapu vyake vya ndoano bado vimepangwa kama alivyoviacha, na kile cha juu kabisa kina kiota cha ndege. Sikukigusa.

Nimefurahi kwamba unarudi, hata kama ni kwa meli na kwa siku chache. Kama kuna jambo la kukusaidia, sema.

Baba yako mdogo,
Tadayuki

*

Yokosuka, 23 Juni 2019

Shikamoo Baba Mdogo,

Nisamehe. Sikutaka kutangaza kitu kabla ratiba ya meli haijapitishwa, na Mzee Hamazaki nilimpigia simu kwa sababu tunahitaji mtu wa kutuongoza majini. Nilimwambia iwe siri. Sasa najua siri yake ina watu kumi na tisa.

Mimi ni mzima. Mvua za Juni zimeanza, chumba changu kinanuka ukungu, na jirani wa juu amenunua ngoma. Mpe Mama Mdogo pole ya goti. Zile lokwati mlizonitumia nimekula nane nikiwa nimesimama, kabla hata ya kufunga mlango.

Umeuliza kama kuna jambo. Lipo, na ni moja.

Kundi la minyoo linalojulikana ghubani ni lile lililoonekana mwaka 1993, pale bahari inapotoa mapovu. Vinasaba vyake tumevisoma, na wote wanafanana kama watoto wa nyumba moja. Swali langu ni hili: je, mabuu waliingia ghuba yetu mara moja tu zamani, au wameendelea kuja kutoka nje? Buu wa mnyoo huyu ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Anaelea wiki kadhaa bila kula, akitumia mafuta aliyozaliwa nayo, na mlango wa ghuba yetu ni mwembamba. Kulijibu swali hilo nahitaji kundi la pili, la mbali na lile la kwanza. Nina siku moja ya roboti, saa sita chini ya maji. Zamu nyingine haitapatikana kabla ya miaka minne, na mkataba wangu wa kazi unakwisha Machi. Nisipolipata siku hiyo, swali litabaki kwa mtu mwingine.

Baba alikuwa na daftari la milima. Unakumbuka? Lenye jalada la plastiki ya bluu. Kila mahali pazuri pa kuvua alipaandika kwa kupanga vitu vya nchi kavu: kitu hiki mbele ya kile upande mmoja, kitu hiki mbele ya kile upande wa pili, na mistari miwili inapokutana ndipo unaposhusha ndoano. Nilipokuwa mdogo aliwahi kuniambia kwamba kuna mahali ndoano zake zilipandisha "vitu visivyo samaki." Nilimuuliza vitu gani. Akaniambia nishike usukani vizuri.

Mama anasema daftari halimo ndani. Je, wewe unalo?

Mwanao,
Sawako

*

Ushine, 11 Agosti 2019

Mwanangu Sawako,

Barua yako ilifika tarehe 26 Juni. Nimechelewa kujibu.

Tumefagia kaburi na kuosha jiwe kwa sababu ya majivu. Lilihitaji ndoo nne. Taa za kuwapokea wafu tumezitundika. Mama yako ameweka mbele ya picha ya baba yako biringanya na tango vyenye miguu ya vijiti, viwe wanyama wa kumbeba kuja na kurudi, kama kila mwaka. La mwaka huu tango lilikuwa limepinda, na Itsue akasema, "Shemeji atafika nyumbani amechoka." Samaki wa mazizi ya baharini wanakua vizuri. Joto limefika nyuzi thelathini na tano.

Kuhusu daftari, vitu vya baba yako vingi vilitawanyika baada ya mazishi. Wapo waliochukua ndoano, wapo waliochukua makoti ya mvua. Nitatazama.

Nimekumbuka jambo lingine. Baba yako alikuwa na miaka kumi na minane na mimi kumi na minne aliponichukua mara ya kwanza kuvua wale samaki warefu wa rangi ya fedha. Nilishika zamu ya kutia chambo. Ndoano mia moja na ishirini kwa kikapu, na kila moja ikae mahali pake ukingoni, la sivyo kamba yote inajifunga. Nilikosea moja. Hakunigombeza. Alifungua fundo saa nzima, halafu akasema, "Wewe nenda shule, Tada. Huko ukikosea utafuta." Ndivyo nilivyokwenda shule.

Kunywa maji mengi.

Tadayuki

*

Yokosuka, 20 Agosti 2019

Shikamoo Baba Mdogo,

Asante kwa kaburi. Asante kwa habari ya tango. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akauliza nimesoma nini. Sikuweza kumweleza.

Nimempigia Mama. Amesema daftari ulilichukua wewe, siku ya mazishi, kutoka droo ya chini ya kabati, na ulimwambia, "Nitalirudisha." Hana kinyongo. Alishangaa tu kwamba mimi sijui. Baba Mdogo, wewe huandiki "nitatazama." Nimesoma habari zako tangu nilipojua kusoma. Unaandika "lipo" au "halipo."

Labda hujaona kwa nini nang'ang'ania, basi nikueleze mnyoo mwenyewe. Anaishi ndani ya mrija anaoujenga, mwembamba kama penseli na mrefu kama mkono. Hana mdomo wala tumbo la chakula. Akiwa mchanga anavyo vyote viwili, kwa muda mfupi. Halafu bakteria fulani wa matopeni wanaingia kupitia ngozi yake, wanapata makazi katika mfuko ulio ndani ya mwili, na mdomo unajifunga moja kwa moja. Kuanzia hapo analishwa nao. Shina lake lililozama kwenye tope linanyonya gesi ile yenye harufu ya yai bovu, ambayo ingetuua sisi, na ncha yake nyekundu inachukua hewa kwenye maji. Damu yake inabeba vyote viwili bila kimoja kuharibu kingine. Ukisoma vinasaba vya ukoo wao unaona historia hiyo: vya damu vimeongezwa nakala juu ya nakala, na baadhi ya vile vya kujitengenezea chakula vimepotea, kwa sababu mgeni anavileta.

Na wanakua polepole. Wapo ndugu zao wa bahari nyingine waliokadiriwa kupita miaka mia mbili. Kama Baba aliwapandisha, majirani wa wale aliowapandisha huenda wako hai, hao hao.

Nina kumbukumbu moja isiyoniachia. Nilikuwa na miaka minane. Televisheni ilionyesha chombo kikishuka ghubani kwetu na wale minyoo wakiyumba. Mimi nikapiga kelele, "Baba, ni hapa! Ni hapa kwetu!" Alitazama mpaka mwisho. Kisha akainuka, akazima, akaenda kibandani kutengeneza kamba ambayo haikuwa imekatika. Kwa nini hakusema neno?

Zimebaki siku tisini.

Sawako

*

Ushine, 29 Septemba 2019

Mwanangu Sawako,

Lipo.

Mama yako ni mzima. Itsue mzima. Kimbunga kilipita kusini, hakikuvunja kitu. Sasa nakupa habari kwa mpangilio wake.

Tarehe 7 Machi 1978 baba yako aliingia ofisi ya gazeti mjini akiwa amevaa viatu vya mpira na amebeba ndoo. Alikuwa amevuka na feri ya kwanza. Nilikuwa na miaka thelathini, dawati la habari za wilaya. Ndani ya ndoo kulikuwa na maji ya bahari na mafungu ya mirija ya rangi ya maziwa, iliyosukana.

Akasema, "Tada, hii iko hai. Ilikuja na ndoano. Nimevua miaka kumi na saba, baba alivua arobaini, hakuna aliyewahi kuiona. Andika."

Nikamwambia, "Kaka, inanuka."

"Samaki gani hanuki? Andika."

Nilimpigia simu mwalimu mmoja wa chuo, jina lake nalihifadhi, amefariki. Nilimweleza. Akauliza kama ina mdomo. Nikatazama. Nikasema haina. Akasema kitu kisicho na mdomo si mnyama, ni kamba ya meli iliyooza au mizizi ya mwani. Mwaka mmoja tu kabla, watu walikuwa wamewaona wanyama wa jinsi hii kwa mara ya kwanza, upande wa pili wa Pasifiki. Sisi wawili hatukuwa na habari.

Mhariri alihitaji kitu cha kuchekesha kwa safu ya ukurasa wa nne. Niliandika mistari minane. Kichwa kilikuwa MVUVI WA USHINE AVUA TAMBI. Mstari wa mwisho ulisema, "Kinachosubiriwa sasa ni mchuzi." Ilitoka tarehe 9 Machi. Mhariri aliisifu.

Kuanzia siku hiyo baba yako akaitwa Tambi. Akifika mnadani: "Tambi kaja! Leteni mchuzi!" Hamazaki alikuwa wa kwanza, lakini hakuwa wa mwisho. Walikuwa hawamchukii, ndiyo maana jina halikuisha. Kaka hakunigombeza. Aliacha tu kunichukua baharini, na aliacha kuniambia chochote alichokiona huko. Alizungumza nami habari za mvua, watoto na kaburi, miaka thelathini, mpaka alipokufa. Uliuliza kwa nini hakusema neno mwaka 1993. Ni kwa sababu aliwahi kulisema, akamwambia ndugu yake.

Kuna jambo moja zaidi, na hili sijamwambia mtu. Nilipoinama juu ya ile ndoo niliona kwamba ncha za baadhi ya mirija zilikuwa nyekundu, na zilipoguswa zilirudi ndani. Niliandika hivyo kwenye kijitabu changu cha kazi. Bado ninacho. Sikuliweka kwenye habari, kwa sababu tambi hazina ncha nyekundu.

Ndoo niliimwaga kwenye mtaro nyuma ya ofisi.

Daftari nililichukua kuangalia kama ameniandika popote. Hakuniandika. Ukurasa wa arobaini na moja ni huu, nimeunakili neno kwa neno:

"TAMBI. Dohani ya kiwanda cha pombe chini ya pengo la mlima. Kisiwa cha Benten kikigusa ncha ya rasi. Mita 96. Hapa usivue."

Jana nilisimama ufukweni na dira, nikapima dohani, pengo, kisiwa na rasi, na kuchora mistari yote miwili kwenye ramani ya bahari. Ramani na daftari lenyewe vimo kwenye bahasha hii. Nilipaswa kulirudisha miaka kumi na moja iliyopita.

Tadayuki

*

Melini, ghuba ya Kagoshima, 22 Novemba 2019

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini goti la Mama Mdogo limepoa kwa baridi hii. Mimi nina mafua kidogo. Mama alinipungia shuka jeupe kutoka bandarini. Nadhani mmemwona, kijiji kizima kimemwona.

Sikukujibu kwa wiki saba. Sikuwa na kazi nyingi kuliko kawaida. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nikiwa nayo. Nilisoma ukurasa wa arobaini na moja kila siku. Sasa nakuandikia habari ya tarehe 18, kwa mpangilio wake, kama ulivyofanya wewe.

Saa tatu asubuhi roboti lilishuka kwenye alama ya ramani yako. Kina mita 113. Tope tupu. Tulizunguka saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kaa wawili na chupa moja. Mzee Hamazaki alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye chumba cha skrini, na machenza mfukoni, akimenya moja baada ya jingine. Saa ya nne ikaisha. Nilimsomea kwa sauti maneno ya Baba, kwa kukata tamaa tu.

Akaacha kumenya. "Dohani ipi?"

"Ya kiwanda cha pombe. Ile pale."

"Ile? Wee mtoto! Ile imejengwa mwaka themanini na sita. Kiwanda kilihama. Ya zamani ilikuwa ya matofali, kaskazini, pale penye maegesho ya magari sasa. Baba yako aandike dohani ambayo haijazaliwa?"

"Baba Mdogo alipima kwa dira."

"Tada alikuwa mjini anaandika magazeti. Angejuaje? Sisi wenyewe tunaiita dohani ya kiwanda, hii na ile." Kisha akaenda dirishani, akafumba jicho moja, akanyoosha ngumi mbele yake kama wanavyofanya wavuvi. "Mwambie nahodha asogee kaskazini. Nitasema basi."

Nahodha wa meli ana mitambo ya kumwonyesha alipo kwa hatua moja. Aliiendesha meli yake kwa ngumi ya mzee wa miaka themanini na moja. Ilichukua dakika hamsini.

Hamazaki akasema, "Basi."

Roboti lilifika chini zikiwa zimebaki dakika arobaini na tano. Mita 96. Kwanza mapovu, halafu jiwe, halafu wao. Kundi la upana wa chumba kidogo cha mikeka sita. Ncha nyekundu zote nje, zikiyumba pamoja. Kivuli cha roboti kilipopita juu yao zikarudi ndani, halafu zikatoka tena moja moja.

Hamazaki alivua kofia. Baadaye akasema, si kwangu, kwenye skrini: "Samahani, Katsu." Alimwita Baba kwa jina lake.

Na kuna hili, Baba Mdogo, ambalo nilikuwa nalisubiri bila kujua. Lile kundi la mwaka 1993 limejaa kamba za wavuvi na ndoano zenye kutu; ni lazima tuziondoe kabla ya kuchukua sampuli. Hapa hapakuwa na kamba hata moja. Baba alivua ghuba hii miaka thelathini mingine baada ya ile ndoo, na mahali hapa hakushusha kitu, na hakumwambia yeyote.

Tumechukua mirija sita, tukaacha mingine. Vinasaba vitasomwa Februari. Sijui vitasema nini, na kwa mara ya kwanza sina haraka navyo. Mkataba wameniongezea mwaka mmoja ili nimalize kazi hii.

Mahali papya lazima papewe jina kwenye ripoti. Mwenye haki ya kupendekeza ni mimi. Baba alishapaita. Lakini jina hilo ulilitunga wewe, na litakapochapishwa watu watauliza limetoka wapi, nami nitawajibu ukweli. Je, unaniruhusu?

Sawako

*

Ushine, 8 Desemba 2019

Mwanangu Sawako,

Tuko salama. Itsue amepanda ngazi yote ya hekalu bila kusimama na anataka ujue. Mama yako amelifua lile shuka. Hamazaki alikuja na machenza kilo mbili, akakaa ukumbini, hakusema kilichomleta, akaondoka. Kiota kwenye kikapu kiko kitupu sasa, kwa hiyo nimeosha vikapu vyote.

Dohani sikuiuliza mtu. Nilitazama moja iliyopo nikaamini macho yangu. Mwaka 1978 nilitazama kitu kilichopo nikayakana macho hayo hayo. Ni makosa mawili tofauti na mwandishi mmoja.

Ruhusa unayo. Tumia jina hilo.

Nilikwenda mjini Jumatano kumwona mhariri wa sasa. Ana miaka arobaini, hakuwa amezaliwa. Akasema, "Mzee Migita, masahihisho ya miaka arobaini na moja? Nani analalamika?" Nikamwambia hakuna anayelalamika, ndiyo maana nimekuja. Akasoma kijitabu changu cha kazi, akakubali mistari minane, ukurasa wa nne. Nakupa nakala:

"MASAHIHISHO. Toleo la tarehe 9 Machi 1978 lilieleza kwamba Migita Katsuhiro, mvuvi wa Ushine, alivua tambi. Alichovua ni minyoo wa mirija walio hai, kutoka kina cha mita 96. Mahali hapo pamethibitishwa mwezi uliopita. Aliwaona miaka kumi na mitano kabla ya watafiti, akasema, hakusikilizwa. Ncha zao zilikuwa nyekundu. Mwandishi wa habari ile aliziona."

Itatoka Jumapili tarehe 15. Nitaiweka nakala moja mbele ya picha yake.

Ibada ya mwaka wake wa kumi na tatu, tukihesabu na ule aliofariki, ni Jumapili tarehe 19 Januari, saa nne kamili asubuhi. Hamazaki na watu wa mnadani wamesema watakuja wote. Chakula mama yako amekwishaamua bila kutuuliza. Atapika tambi. Mchuzi nitaleta mimi.

Tadayuki